Jinsi ya kuandaa jioni ya filamu zilizokosa Oscar, Tukuyu na mvua yake

Watu wakiniuliza wapate wapi filamu nzuri ambayo si ya Hollywood wala si ya mangumi, nawaelekeza kwenye orodha ambayo wengi huiruka: filamu za lugha nyingine zilizosifiwa kila kona, halafu Oscar ikazipita kushoto. Mshindi hana shida, anatangazwa mpaka redioni. Waliobaki nyuma yake ndio wanaosahaulika, na humo ndimo nimepata filamu zinazoingia Tukuyu bila kubisha hodi.

Zamani nilikuwa mtafsiri wa muvi kwenye kibanda umiza pale Mwanjelwa, Mbeya. Kipaza sauti mkononi, steringi anapigwa, mimi namsemea kwa Kiswahili cha mtaani na kuongeza chumvi zangu. Siku hizi nakaa Tukuyu, na Jumatatu, siku ambayo mpira wa maana ni nadra, majirani wanajaa sebuleni kwangu. Hakuna kiingilio. Nalisema hili mapema kwa sababu ni sehemu ya maelekezo. Ukitoza hata mia tano, umefungua biashara ya maonyesho: inabidi umwombe ruhusa mwenye filamu, ukate leseni, na Bodi ya Filamu ikujue. Mimi nabaki sebuleni, na nakala niliyoinunua.

Jua kwanza zinakosaje

Usipojua filamu hukosaje Oscar, utatafuta gizani. Utaratibu wa Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni ni huu: kila nchi hupeleka filamu moja, inayochaguliwa na kamati ya nchi hiyo. Zaidi ya nchi 80 hupeleka kila mwaka. Zinachujwa mpaka zinabaki tano, na katika hizo tano anapatikana mmoja. Tuzo hii imekuwa ya ushindani tangu filamu za mwaka 1956. Kabla ya hapo Akademi ya Marekani ilikuwa ikitoa heshima tu, bila wagombea. Mwaka 2019 waliibadilisha jina ikawa Filamu Bora ya Kimataifa, ila sharti la lugha likabaki palepale: zaidi ya nusu ya maongezi yasiwe ya Kiingereza.

Kwa hiyo filamu inaweza kufia nyumbani kwao kabla haijafika popote. Hili ndilo kundi ninalolipenda kuliko yote. Mwaka 1985 Akira Kurosawa alitoa *Ran*, mzee anayegawa himaya yake kwa wanawe watatu na kujuta. Japani ikapeleka filamu nyingine. *Ran* ikateuliwa kwenye vipengele vingine vinne, pamoja na mwongozaji bora, na ikaondoka na tuzo ya mavazi. Ufaransa nayo mwaka 2019 iliacha *Portrait of a Lady on Fire* ikapeleka *Les Misérables* ya Ladj Ly. Mwaka 2023 ikarudia mchezo: *Anatomy of a Fall* ilikuwa imeshinda tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa ikapeleka filamu ya mapishi, na ile iliyoachwa ikaenda kuchukua Oscar ya muswada bora kwa mlango mwingine.

Lakini mabingwa wa kuacha dhahabu nyumbani ni Wahindi. Mwaka 2022 waliiacha *RRR*, ambayo wimbo wake ulikuja kushinda Oscar. Mwaka 2024 wakaiacha *All We Imagine as Light* ya Payal Kapadia, iliyotoka Cannes na tuzo ya pili kwa ukubwa. Na mwaka 2013 waliiacha *The Lunchbox*, na hiyo ndiyo ninayokushauri uianzie kama sebule yako ina wanawake wanaopika kwa riziki. Mke wa Mumbai anampelekea mumewe chakula cha mchana kwa wale wapeleka makontena ya chakula maofisini. Kontena linaangukia kwa mtu asiyemjua, mjane wa ofisini anayekaribia kustaafu, anayeigizwa na Irrfan Khan. Linarudi tupu, limelambwa. Jirani yangu mama lishe alipoona mume halisi anarudi nyumbani na kusifia koliflawa ambayo mkewe hakuipika, alisimama kabisa. "Huyu hata hajui anakula nini!" Sikuhitaji kumweleza kitu kingine kuhusu ndoa ile.

Kundi la pili ni zilizokataliwa na kanuni. *Three Colours: Red* ya Kieślowski ilipelekwa na Uswisi mwaka 1994 ikaambiwa haina Uswisi wa kutosha ndani yake, ikateuliwa kwa uongozaji, muswada na upigaji picha. Nigeria ilipopeleka filamu yake ya kwanza, *Lionheart* ya Genevieve Nnaji, mwaka 2019, ikaondolewa kwa kuwa maongezi mengi ni ya Kiingereza, lugha ambayo Mnigeria hakuiomba, alifundishwa na mkoloni. Kundi hili ni dogo, pita haraka.

Kundi la tatu ni kubwa: zilizofika zikashindwa. Hapa utakutana na *Amélie* na *Lagaan*, zote mbili zilishindwa usiku mmoja mwaka 2002 na filamu ya Bosnia. Utaikuta *Pan's Labyrinth* ya Guillermo del Toro, iliyobeba Oscar tatu nyingine ikaikosa hiyo hiyo ya lugha ya kigeni. Utaikuta *Timbuktu* ya Abderrahmane Sissako, ya Mauritania, iliyoshindwa na filamu ya Poland mwaka 2015. Pembeni yao iko *City of God* ya Brazili, ambayo haikuingia hata kwenye tano bora mwaka 2003. Mwaka uliofuata, kwa kuwa ilikuwa imeonyeshwa kwenye majumba ya Marekani, ikateuliwa kwa mwongozaji, muswada, picha na uhariri. Haikupata hata moja. Sijawahi kuiweka sebuleni watoto wakiwa macho, na wewe usifanye hivyo.

Namna ya kutafuta sasa ni rahisi. Chukua mwaka wowote, tafuta orodha ya filamu zote zilizopelekwa na nchi zote, si tano za mwisho pekee. Halafu angalia ni filamu gani ya nchi hiyo ilishinda kitu Cannes, Venice au Berlin mwaka huohuo lakini haimo kwenye orodha. Ukiona pengo hapo, hiyo ndiyo ya kutafuta.

Chagua kwa ajili ya watu wako

Usiku wa kwanza usimkate mtu na filamu ndefu ya masaa matatu ambayo mzee anatazama dirishani. Kuna mwalimu mmoja Iringa, rafiki yangu, alitaka kuanza na *Ran*. Nilimwambia kaka, hiyo iweke baada ya miezi kama mitatu, wakishakuzoea.

Anza na Kiswahili. Kwa Wamarekani, Kiswahili ni lugha ya kigeni kama Kijapani, na sisi tumeshagonga mlango huo. Tanzania ilipeleka *Maangamizi* mwaka 2001, na baadaye *Vuta N'Kuvute* ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ambayo wengi wetu tuliisoma shuleni. Ilipelekwa kwa tuzo za 2023. Hakuna iliyoteuliwa. Kenya ilipeleka *Nairobi Half Life* mwaka 2012 na *Supa Modo* mwaka 2018. Hiyo *Supa Modo*, ya binti mgonjwa anayetaka kuwa shujaa wa muvi na kijiji kizima kinachoamua kumchezea muvi yake, haihitaji mtafsiri wala maelezo. Andaa leso.

Baada ya hapo nenda Iran. Nitakueleza *Children of Heaven* ya Majid Majidi kwa urefu, na nitaimwaga hadithi yote, kwa sababu ndiyo filamu ninayoitumia kumfundisha yeyote anayetaka kuandaa jioni hizi.

Ni ya mwaka 1997. Ali, mvulana wa darasa la tatu hivi, anapeleka viatu vya mdogo wake Zahra kwa fundi. Vinatengenezwa, anavipoteza kwenye duka la viazi. Baba hana hela na kodi ya nyumba imekwama. Watoto wanaamua kutumia raba za Ali kwa zamu: Zahra anasoma asubuhi, Ali mchana, na katikati yao kuna kichochoro ambamo binti anatoka mbio akimwahi kaka yake wabadilishane. Kuna siku kiatu kinamtoka mguuni kinaingia kwenye mfereji wa maji na kuondoka zake, naye anakikimbiza. Tukuyu, mji wa mifereji na mvua isiyoisha, sebule nzima iliinama mbele kama vile wangeweza kukidaka.

Kisha yanatangazwa mashindano ya mbio za shule. Mshindi wa tatu atapewa raba. Ali haitaki nafasi ya kwanza wala ya pili, anaitaka ya tatu. Anakimbia, anahesabu walio mbele, anasukumwa, anaanguka, anaamka, na katika purukushani za mwisho anafika wa kwanza. Mwalimu anambeba juu. Yeye anauliza kama amekuwa wa tatu. Kila mtu anampiga picha na mtoto analia.

Filamu hiyo ilikuwa ya kwanza ya Iran kuteuliwa kwenye tuzo hii. Usiku wa Machi 1999 ilishindwa na *Life Is Beautiful* ya Roberto Benigni, yule Mwitaliano aliyekanyaga migongo ya viti kwa furaha. *Central Station* ya Brazili ilishindwa usiku huohuo. Sina ugomvi na Benigni. Ila watazamaji wangu wakisikia filamu ya mtoto aliyetaka nafasi ya tatu nayo ilirudi bila kitu, wanacheka mpaka chai inamwagika.

Kutafsiri

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa nina msimamo ambao wenzangu wa vibandani hawaupendi. Filamu hizi usizitafsiri kwa mdomo. Andika maandishi ya Kiswahili chini ya picha.

Sababu ya kwanza ni bati. Mvua ya Tukuyu ikianza, hata kipaza sauti hakisaidii. Sauti ya filamu husikii, ya mtafsiri husikii. Maandishi hayajali mvua. Sababu ya pili imo kwenye hiyohiyo *Children of Heaven*. Watoto wanagombana kuhusu viatu wakiwa chumba kimoja na baba, kwa hiyo wanaandikiana kwenye daftari, kimyakimya, mmoja anasukuma daftari kwa mwenzake. Mtafsiri akipaza sauti pale amewachongea kwa baba yao.

Unachohitaji ni laptopu, programu ya VLC, na faili la maandishi la Kiingereza, aina inayoishia na srt. Faili hilo ni maandishi ya kawaida kabisa. Lifungue kwa Notepad, au kwa Subtitle Edit ambayo ni ya bure, utaona mafungu kama hili, ambalo nimeshalitafsiri:

41
00:09:12,400 --> 00:09:15,000
Viatu vyako vimepotea.
Usimwambie mama.

Namba ya fungu, saa ya kuanza, saa ya kuisha, maneno. Usiguse namba wala saa. Futa Kiingereza, weka Kiswahili, hifadhi. Faili ulipe jina lilelile la filamu na uliweke kwenye folda moja nayo, VLC italisoma lenyewe. Wakati wa kuhifadhi chagua UTF-8, la sivyo kile kikoma cha juu cha ng'ombe na ng'ambo kinaweza kugeuka vidudu kwenye ukuta.

Kuhusu maneno yenyewe. Mistari isizidi miwili, na mstari uwe mfupi kiasi cha kusomwa na mzee aliyezoea kufuata Biblia kwa kidole. Kiswahili kinarefuka kuliko Kiingereza, kwa hiyo kata bila huruma. Mtu akisema jambo ambalo uso wake umeshalisema, liache lipite. Majina ya watu yabaki yalivyo. Pale Mwanjelwa tuliwabatiza Wachina wote majina ya Kinyakyusa na watu walifurahi, lakini huko ni kwingine. Adabu ndiyo uihamishe. Ali akisimama mbele ya mwalimu mkuu kwa kuchelewa, hawezi kuzungumza lugha ya kijiweni. Na Zain, mtoto wa mtaani wa Beirut kwenye *Capernaum*, filamu ya Lebanon nitakayoirudia mbele, hawezi kuzungumza lugha ya darasani; matusi yake nimeyaacha yawe matusi, nikapunguza makali mawili matatu kwa heshima ya bibi anayekaa kiti cha mbele.

Usitegemee tafsiri ya mashine. Inakupa sentensi nzima nzima zilizonyooka, na hakuna mtu anayeongea hivyo akiwa amepoteza viatu. Itumie kama rasimu, kisha usome kila fungu kwa sauti huku picha ikienda.

Kama maneno yanatangulia au yanachelewa midomo, kwenye VLC bonyeza G au H. Moja inayavuta nyuma, nyingine inayasogeza mbele, kidogo kidogo. Fanya hivyo mchana, peke yako. Wasioweza kusoma wakae pembeni ya mtoto wa sekondari, anawanong'oneza. Watoto wanaigombania kazi hiyo.

Usiku wenyewe

Shuka jeupe lililopigwa pasi linatosha, ila livute pembe zote nne. Likikunjamana, uso wa Irrfan Khan unaota ndevu. Projekta iwe juu kuliko vichwa. Spika uiweke mbele chini ya shuka, isiwe nyuma ya watu. Chaji laptopu mpaka ijae. Umeme ukikatika katikati, na utakatika, tazamieni kwenye kioo cha laptopu mkisogeleana. Ukirudi, usiiwashe projekta ya taa palepale, iache ipoe kwanza au utaua taa yake.

Baridi ya Juni na Julai huku si ya mchezo. Andaa chai ya tangawizi kabla, maana filamu ikianza hakuna anayekubali kwenda jikoni. Saa moja na nusu jioni anzeni, ili wanaopanda Kyimo wasirudi usiku mkubwa.

Kabla hujawasha, sema maneno machache: nchi gani, mwaka gani, ilishindwa na nani. Basi. Kuna watu hutoa hotuba. Watazamaji wa vibandani wamezoea kusimuliwa kila kitu, na kazi yako ni kuwaachia wao. Wakati wa *Timbuktu*, kwenye ile sehemu vijana wanacheza mpira bila mpira kwa kuwa mpira umepigwa marufuku, sikusema neno. Wanapiga pasi ya hewa, kipa anadaka hewa. Kijana mmoja aliyekuja kwa sababu tu alidhani kuna mechi akaanza kutangaza kwa sauti ya chini, na wenzake wakafuata: krosi, kichwa, goli. Kwenye filamu hiyohiyo kuna watu wanapigwa mawe na kuchapwa viboko, kwa hiyo watoto nao wawe wameshalala.

*Capernaum* ya Nadine Labaki, iliyoshindwa na *Roma* mwaka 2019, iweke ukiwa na muda wa mazungumzo baadaye. Zain anaachiwa mtoto mchanga wa Rahil, Mwethiopia aliyekuwa mfanyakazi wa ndani, anayeishi Beirut bila vibali. Mtaani kwetu kuna mabinti waliokwenda Arabuni kufanya kazi hiyohiyo, na mama zao walikuwepo sebuleni. Hatukuwasha taa haraka.

*Lagaan* iache kwa Jumamosi ya kiangazi. Ni wanakijiji wa mwaka 1893 wanaocheza kriketi dhidi ya Waingereza ili wasamehewe kodi mwaka wa ukame, na urefu wake unakaribia saa nne. Hakuna anayejua kriketi hapa, na haijalishi. Steringi mwenyewe, Aamir Khan, anaanza hajui. Weka mapumziko mechi inapoanza, pakua ndizi na maharage, kisha endeleeni. Waambie waje na blanketi.